Mteja wa Tabora

Gongoni, Tabora
Jumamosi, alasiri

Mwanangu Rajabu,

Barua hutanguliwa na salamu, kisha hali, kisha shukrani kwa Mwenyezi Mungu. Leo naziruka zote, maana uko chumba cha pili na nakusikia ukibishana na mama yako kuhusu blanketi. Chukua blanketi. Hutamshinda. Kesho nitakukabidhi karatasi hizi stesheni, nawe usizifungue mpaka garimoshi liwe limekwisha kuiacha Tabora, kwa sababu ukizisoma mbele yangu sitajua nitazame wapi.

Mambo ya kula, kusali, na marafiki wa kuepuka mama yako amekwisha kuyasema, na kesho atayarudia. Mimi nina jambo moja tu.

Jumanne uliniuliza swali. Nikainuka, nikatoka dukani, nikaacha mlango wazi na mama mmoja amesimama na shilingi yake mkononi akingoja kuhudumiwa. Uliuliza, "Baba, huyu mteja wa Tabora ni nani?"

Mteja huyo ni mimi.

Nimeandika maneno hayo nikaweka kalamu chini, nikaenda kunywa maji. Nimerudi, bado yapo. Basi nitakueleza yote, maana nataka uyapate kwangu. Baba yako mdogo Seifu, ambaye unakwenda kukaa kwake, hatakuambia. Miaka minane hakuniambia hata mimi.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja tulipoacha kulitaja jina la Seifu nyumbani humu. Uliambiwa kwamba mdogo wangu, aliyekwenda Dar es Salaam kufanya ukarani, alinilia mali yangu. Hivyo ndivyo nilivyokuambia wewe, na hivyo ndivyo nilivyowaambia majirani wote wa Gongoni, na wenzangu msikitini, na wakwe zangu kule Itetemia, ambao walimpenda Seifu kuliko walivyonipenda mimi. Mama yako peke yake hakusadiki. Alinyamaza kwa namna yake ile unayoijua, ya kuweka sahani mezani kwa kishindo.

Mambo yalianza muda mfupi baada ya vita kuu ya pili, nguo zilipoanza kupatikana tena. Nilikuwa nanunua merikani, ile nguo nyeupe nzito ambayo watu wa huku hawaishi kuitaka, kwa matajiri wenye maduka makubwa ya mjini. Nilinunua jora moja moja, nikauza kwa yadi. Nikajiona mjanja. Seifu alikuwa karani wa kampuni moja ya uwakala bandarini, kazi yao kutoa mizigo ya watu forodhani na kuipakia relini. Nikamwandikia aniagizie marobota mawili, yaani mafungu makubwa ya majora, moja kwa moja kutoka ng'ambo, ili niwaruke matajiri wa hapa na robota lote liwe langu.

Alinitafutia bei, akaniletea, na chini yake akaongeza kwa mkono wake: "Kaka, hii ni bei ya huko mzigo unakotoka. Siyo bei ya kufika dukani kwako. Usimwahidi mtu kitu mpaka mzigo ufike."

Nilicheka peke yangu. Nilidhani mdogo wangu amekwenda pwani akageuka mwoga. Nikachukua ile bei ya ng'ambo, nikaweka kidogo cha reli, nikaweka robo yangu ya faida, nikaanza kutangaza. Mzee Masunga wa Choma, mfugaji aliyekuwa akija Tabora mara mbili kwa mwaka, alikuwa anamwoza binti yake kanisani na alitaka merikani ya ukoo mzima. Nikamtajia bei mbele ya watu, nikampa mkono. Alifurahi, akaniambia atauza ng'ombe mmoja na hatahitaji kumgusa wa pili.

Kisha hati za gharama zikafika. Lilikuwa furushi la karatasi limefungwa kwa uzi, zote za Kiingereza, na juu kabisa karatasi moja yenye jumla. Kiingereza sikijui, tarakimu nazijua. Rajabu, nilidhani nimesoma vibaya. Niliipeleka karatasi mlangoni kwenye mwanga. Niliigeuza nyuma nione kama kuna maelezo. Jumla ilikuwa karibu mara mbili ya ile bei ya ng'ambo, kubwa kuliko hata bei niliyokuwa nimeipigia mbiu mjini. Nikakaa juu ya gunia la chumvi, na mama yako akatoka jikoni mbio akidhani nimeletewa taarifa ya msiba.

"Fungua basi na hizo nyingine," akasema. "Mtafute mwalimu akusomee."

"Nisomewe nini? Nimeona jumla."

"Jumla ya nini, Baba Rajabu?"

Sikufungua ule uzi. Nataka ulijue hilo kuliko yote, kwamba karatasi zilikuwa mkononi mwangu na uzi wake ulikuwa umefungwa kwa fundo la kawaida tu. Nilijua bei ya ng'ambo, nilijua nauli ya reli, na katikati ya hayo mawili nilimwona mtu mmoja tu ninayemfahamu, mdogo wangu.

Mzigo ulipofika, Mzee Masunga alikuja na fedha zake zimefungwa kwenye kitambaa, kamili kwa bei niliyompa mkono. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa. Nilipomtajia bei mpya alisema taratibu, kwa Kiswahili chake cha Kisukuma, "Nasoro ng'wanawane, mwanangu, ng'ombe wangu nimemleta mzima. Mbona kitambaa kimepungua?"

Nikasema, "Ni ushuru, mzee. Iulize Serikali."

"Serikali iko wapi? Mimi hapa nakuona wewe."

Watu walicheka. Alinunua kiasi fedha yake ilichoweza, akafunga furushi dogo, akaondoka. Sikumwona tena dukani kwangu. Nilisikia baadaye kwamba mama wa bi harusi alikwenda kanisani na nguo yake ya zamani.

Siku ile ile niliyoaibishwa nilikwenda kwa mwandishi wa barua, yule anayekaa na taipu yake varandani karibu na soko. Mimi kuandika najua, kama unavyoona, lakini nilitaka barua ipigwe taipu ili ionekane nzito. Na hapa inabidi nikueleze neno moja.

Babu yangu alikuwa mtu wa misafara. Alitembea kutoka pwani mpaka hapa Unyanyembe mara nyingi kuliko alivyoweza kuhesabu, na hadithi yake kubwa ilikuwa hongo. Njiani, kila mtemi mwenye nchi na visima alisimamisha msafara, na mizigo haikuvuka mpaka ametolewa nguo. Hiyo ndiyo iliyoitwa hongo. Haikufanywa kwa siri. Ilijadiliwa mchana kweupe, siku mbili, siku tatu, kisha mtumba, yaani mzigo wa nguo, ulifunguliwa, nguo ikapimwa na kukatwa mbele ya macho ya wote. Baadaye mtemi alitoa ruhusa, na akipendezwa alirudisha zawadi, mbuzi au mtama. Babu alisema mtumba ulioondoka Bagamoyo umenenepa ulifika Unyanyembe umekonda, lakini alikumbuka kila mahali ulipokonda na jina la aliyeukata.

Mimi na Seifu tulilifanya mchezo. Yeye alijilaza kizingitini, mdogo, tumbo wazi, na mimi nikitaka kupita ananidai hongo. Nilimpa kipande cha muhogo. Alikivunja katikati, nusu akala, nusu akanirudishia, akasema, "Msafara upite." Hata tulipokuwa wakubwa, akinikopa kitu aliniambia, "Kaka, leo nadai hongo." Nyumbani kwetu neno lilikuwa hilo.

Basi kwa mwandishi nikasema andika hivi: Wewe Seifu umekuwa mtemi wa njiani. Mali yangu haipiti kwako ila kwa hongo. Makaratasi yako nakurudishia, uyale pamoja na hongo uliyokula.

Mwandishi aliinua mikono kwenye taipu. Akaniuliza, "Bwana Nasoro, niandike hongo?"

"Andika."

Akapiga herufi mbili, akasimama tena. "Siku hizi neno hili pwani lina maana nyingine. Wakisema hongo wanasema rushwa. Niandike hivyo hivyo?"

Nikamwambia simlipi anifundishe Kiswahili cha babu yangu. Akaandika. Nikafunga barua pamoja na lile furushi ambalo sikulifungua, nikapeleka kwa anwani ya kampuni, kwa sababu Seifu hakuwa na sanduku lake la posta. Nilirudi nyumbani nikala chakula kingi.

Hakujibu. Mwezi, mwaka, hakujibu. Nami nikawaambia watu, mnaona, mwizi ananyamaza.

Sasa njoo Jumanne hii. Ulipopata kazi forodhani na ikawa huna pa kulala Dar es Salaam, mama yako aliandika barua bila kuniuliza. Jibu lilikuja na furushi. Niliutambua uzi. Lilikuwa furushi langu lile lile, limezeeka rangi, na juu yake kikaratasi cha Seifu kwa mama yako: "Shemeji, siku hizi nashona. Kitanda kipo. Mtoto aje. Kwa kuwa anasoma Kiingereza na anakwenda forodhani, amsomee baba yake hizi. Zitamfaa yeye pia."

Ukakaa juu ya kiti kile cha kamba, ukafungua uzi, ukasoma. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuona wizi. Nilikuwa na kalamu tayari niupigie mstari.

Karatasi ya kwanza nauli ya meli. Ya pili bima. Ya tatu ushuru wa forodha, na wewe ukaanza kunieleza kwa mfano, kama vile mimi ndiye mwanafunzi. Tuseme, Baba, jora moja huko linakotoka ni shilingi kumi. Nauli ya meli na bima zinaongeza mbili. Forodha hawatozi kwenye zile kumi, wanatoza kwenye kumi na mbili, yaani unalipa ushuru hata wa safari ya baharini. Tuseme robo, shilingi tatu. Zimekuwa kumi na tano, na nguo bado iko bandarini. Ada ya gati, ujira wa makuli, ghala, uwakala, na uwakala wenyewe unahesabiwa juu ya jumla yote, ushuru ukiwa ndani. Mbili nyingine. Reli mpaka hapa, tatu. Ishirini.

Nikakuambia rudia. Ukarudia. Nilikuwa natafuta pale mahali ambapo mkono wa Seifu umeingia, na kila karatasi ilikuwa na mhuri wa mtu mwingine na sababu yake. Nilitaka mwizi awepo. Ningempokea mwizi yeyote wakati ule, hata nahodha wa meli. Hakuwepo. Kila mmoja amechukua haki yake, wengi wameipima juu ya haki ya aliyemtangulia, na nguo imefika imeongezeka mara mbili bila mtu hata mmoja kuiba uzi.

Ndipo ulipoinua kichwa, ukauliza kwa adabu, "Baba, na wewe unaweka robo yako juu ya ipi?"

"Juu ya ishirini. Ndiyo biashara."

"Kwa hiyo kwenye zile tatu za ushuru wa Serikali, na wewe unapata faida?"

Miaka yote hii nimewaambia watu wamlaumu Mwingereza kwa ushuru wake, na kila aliponitoza shilingi moja mimi nilimtoza mtu wa Choma shilingi na robo, nikamwambia yote ni ya Serikali. Na mchuuzi anayenunua kwangu akapeleka vijijini kwa baiskeli, naye anaweka yake juu ya ishirini na tano. Sikuwahi kuiona hesabu hiyo. Nakuapia sikuwahi. Nilikuwa naifanya kila siku kwa mkono wangu mwenyewe.

Kisha ukafika kwenye karatasi ya ghala. Ulisoma kwamba mzigo ulikaa siku kadhaa ukilipiwa kwa kila siku, kwa sababu fedha za awali kutoka Tabora zilichelewa. Hilo nalikumbuka. Nilichelewesha makusudi, nimwonyeshe Seifu kwamba mimi ni mkubwa sikimbizwi. Na pembeni mwa karatasi ile kulikuwa na mstari mmoja wa kalamu ya risasi, kwa Kiswahili. Uliupita kwa kuwa ulikuwa unasoma Kiingereza. Mimi nikauona toka nilipokaa, maana mwandiko wa Seifu nitautambua hata gizani. "Ghala nimelipa mimi. Asidaiwe Kaka."

Kwa Kiswahili, Rajabu. Ningekata uzi siku ile, nisingehitaji mwalimu wala Kiingereza.

Hukuwa umeona uso wangu bado. Ulifunua karatasi ya mwisho, ambayo haikuwa ya gharama, ukaitafsiri polepole bila kujua unachokisoma: kwa kuwa mteja wa Tabora ameiandikia kampuni kwamba karani Seifu alimtoza hongo ili mzigo wake upite, kampuni haiwezi kuendelea naye kuanzia leo. Ukaniuliza mteja huyo ni nani.

Nilikwenda kwa mwandishi wa barua. Huko ndiko nilikokuwa mpaka jioni, wakati mama yako akikutuma unitafute. Nilimkuta pale pale, taipu ile ile, miwani tu imezidi unene. Nikamwuliza kama anakumbuka barua moja niliyomwandikisha zamani, ya kwenda Dar es Salaam. Nilikuwa naomba kimoyomoyo asikumbuke.

Akasema, "Barua nimeandika nyingi mno, sizikumbuki. Ile naikumbuka, kwa sababu nilikuuliza mara mbili."

Nilikaa kwenye benchi lake la wateja. Watu walikuja, wakaandikiwa barua zao, wakaondoka, na mimi nimekaa. Kampuni iliifungua barua ile, ikasoma hongo kuwa rushwa, na mdogo wangu akafukuzwa kazi kwa neno la mchezo wetu. Alikuwa na karatasi za kunisuta, zenye mhuri, na alizihifadhi miaka minane bila kunitumia, na alipozituma alizituma kwa sababu mtoto wangu anahitaji kujifunza kazi. Hasira yake iko wapi? Ningeiona hasira ningepumua.

Unakwenda kukaa forodhani, kwenye meza ya kwanza nchini ya safari ile ya mizigo. Sitakuambia uwe mpole wala uwe mkali, ushuru utatozwa ukiwepo usiwepo, na shule uliyosoma hapa sidhani ilijengwa kwa umande. Ninachokuomba ni hiki: watu watakuja dirishani kwako wamepigwa na butwaa, kama nilivyokaa mimi juu ya gunia la chumvi. Watakuwa wanatafuta mwizi. Aliye karibu nao atakuwa wewe, au karani wa jirani yako, au ndugu yao. Wafungulie uzi. Wasomee mstari kwa mstari, hata kama foleni inapiga kelele. Seifu angeweza kunisomea mimi hivyo kama ningekaa naye chumba kimoja, lakini tulikuwa na reli nzima katikati.

Kuhusu robo yangu, Jumatano nilijaribu kupiga upya bei ya majora yaliyo rafuni. Faida niliiweka juu ya nguo na nauli tu, ushuru nikaupitisha kama ulivyo bila kuuongezea changu. Bei ilishuka. Haikushuka sana. Mama yako aliponiona nabadilisha vibandiko alinishika paji la uso akaniuliza kama nina homa. Nimetuma salamu Choma kwa mtu wa huko, kwamba Mzee Masunga kama yu hai apite dukani. Sijapata jibu.

Sasa nifike kwenye mzigo. Mama yako hajakuambia kwa nini sanduku lako limekuwa zito. Chini kabisa, chini ya mashati, kuna jora zima la merikani. Ni la zamani kidogo lakini ni safi, halijakatwa hata ncha. Lilikuwa katika yale marobota mawili. Sikujua kwa nini sikuliuza miaka yote hii, nilidhani ni uzembe.

Reli utakayopita imelala karibu na njia ya misafara ile ile. Asubuhi utakuwa Ugogo, na ukichungulia nje utaona nchi ambayo babu yangu alikaa chini siku tatu akibishania nguo. Mimi sikuwahi kukaa chini hata saa moja.

Ukifika mlangoni kwa baba yako mdogo, mwamkie, ulitoe jora sandukuni, usivuke kizingiti. Yeye akikuambia ingia mwanangu, usiingie bado. Mwambie, "Baba mdogo, Baba ameleta hongo. Anaomba kupita." Najua neno hilo limemwumiza. Nimelifikiria usiku na mchana toka Jumanne kama nimtumie neno jingine, samahani au radhi, na hayo nayo utamwambia, yote, nimeyaandika kwenye karatasi yake nyingine, mbali na hii. Lakini nililichukua neno hili kwetu, nikalitumia kumfukuzisha kazi, na nataka limrudie likiwa limebeba nguo.

Usiniombee kwake wala usimbembeleze. Simama tu umelishika. Akilirudisha, lipokee kwa mikono miwili, umshukuru, ukae kwake kwa heshima, kwa sababu wewe amekupa kitanda na mimi hajanipa kitu. Hiyo itakuwa haki yake na sitanung'unika.

Lakini anashona siku hizi, mkasi hauko mbali naye. Akilikata katikati, mwanangu, akakupa nusu, usiniandikie barua ndefu. Kata kipande kidogo kwenye hiyo nusu, kikae kwenye bahasha, ukitie posta. Nitakuwa dukani kila garimoshi la pwani linapoingia. Siku nitakayofungua bahasha nikakikuta, nitafunga duka bila kuuliza bei ya tiketi.

Ni mimi baba yako,
mteja wa Tabora.